Kafuri ya Palmeri

Watu wengi wakinusa kafuri hukumbuka maiti. Mimi humkumbuka babu yangu akiwa hai, ovaroli yake ya buluu imefifia magotini, ameinamia sanduku la mbao na kulifungua polepole utadhani ndani kuna kifaranga amelala. Dukani, mwenye duka akifungua kopo la kafuri, wateja wengine hugeuza uso. Mimi husogea karibu. Nayasema haya mapema ili msinishangae mbele ya safari, maana habari hii ni ya harufu hiyo, ya sanduku hilo, na ya mkono wangu wa kulia, ambao ulinitia aibu kubwa kabla haujanipa jina ninaloitwa leo katika kila gereji ya Kigali.

Karakana ya Babu ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Nyakabanda, chini ya mabati yaliyoshikiliwa na nguzo za mikaratusi. Sakafu ilikuwa udongo mwekundu, lakini ulikuwa umekunywa mafuta na chembe za chuma miaka mingi hata ukawa mweusi na mgumu, na ukipita peku ulitoka na nyayo zinazometameta. Humo mlikuwa na mashine mbili za kukereza chuma. Moja ilikuwa ya Babu, ya pili ya Mama. Ndiyo, mama yangu mzazi alikuwa mkereza vyuma. Alikuwa binti wa pekee wa Babu, na alisimama kwenye mashine yake na kitambaa kichwani, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, vumbi la chuma limemkaa kwenye nyusi. Wateja wapya waliokuja kutoka Muhima walikuwa wakimtazama, kisha wanauliza fundi yuko wapi. Mama hakujisumbua kujibu. Alinyoosha mkono kupokea walicholeta, akakipima, akawaambia warudi siku gani. Nilipenda kusimama mlangoni nikingoja swali hilo liulizwe, na mpaka leo nikilikumbuka najisikia kichwa kimekuwa kikubwa.

Wakati huo malori na mabasi madogo yalikuwa yakitumika mpaka injini inakata roho, halafu inafufuliwa. Sisi ndio tuliofufua. Tuliletewa mihimili mizito ya injini iliyolika, pini za pistoni, vyuma vya kila umbo, na kazi yote ilisimama juu ya kitu kimoja: kupima. Chuma kikizidi kidogo tu, hakiingii mahali pake. Kikipungua kidogo tu, injini inagonga, na mteja anarudi amekunja uso. Na hapa nikisema kidogo sisemi ule udogo mnaoujua nyinyi, wa kuonekana kwenye rula. Nasema udogo ambao jicho halina habari nao.

Chombo cha kupimia udogo huo ni mikromita. Babu alijifunza ufundi kwa Kifaransa, kwa hiyo kwake ilikuwa palmeri, na kwetu sote ikabaki palmeri. Ni chuma kilichopindwa kama kiatu cha farasi, kinachoenea kiganjani, na upande mmoja kina parafujo laini ajabu inayosogea mbele ukiizungusha. Unaweka kitu katikati, unazungusha, na mwishoni kabisa kuna kichwa kidogo ambacho kikishagusa vya kutosha kinalia tiki, tiki, tiki, kukuambia usilazimishe. Kisha unasoma mistari iliyochorwa kwenye shina lake. Babu alihesabu kwa santiemu, yaani milimita moja umeigawa mara mia. Milimita nzima kwake ilikuwa kama uwanja wa mpira.

Siku moja alitupima nywele sisi wajukuu, kwa kutuchekesha tu. Aling'oa mmoja mmoja, akauweka kwenye palmeri, tiki tiki, akatangaza. Wa kaka yangu ulikuwa santiemu sita. Wangu ulikuwa nane. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, nikimwambia kila mtoto wa jirani kwamba nywele zangu ndizo nene kuliko zote Nyakabanda na zimepimwa kwa mashine. Nadhani ndipo nilipoanza kukipenda kile chombo. Kilikuwa kimenitazama mimi, kikaniona vizuri kuliko mtu yeyote, na hakikunipendelea wala kunionea.

Sasa niwaambie nilivyolielewa lile sanduku, nanyi mcheke mkitaka. Palmeri ziliishi humo, ndogo kwa kubwa, kila moja imefungwa kwenye kitambaa cha pamba, na pembeni Babu aliweka vipande vya kafuri kwenye karatasi. Kafuri huzuia kutu. Mafundi wa zamani wanajua hilo, lakini mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba bibi yangu alipofariki nyumba nzima ilinuka kafuri, nikaambiwa kwamba hiyo ndiyo anayopakwa mtu aliyekwenda kwa Mungu. Basi mtoto nikaunganisha mwenyewe. Sanduku la mbao, sanda nyeupe za pamba, kafuri, Babu anasema bismillahi kabla ya kulifungua, na sisi tumekatazwa kupiga kelele karibu. Nikajua kwamba vile vyombo vimekufa na kurudi, na kwamba vinajua mambo ambayo wafu tu ndio wanayajua.

Ingekuwa ni hilo peke yake lingepita. Lakini karakana yetu ilikuwa na desturi yake, iliyoitwa kulaza chuma. Kila mtu mpya aliyetaka kazi, kabla Babu hajamwonyesha palmeri, alipewa kipande cha chuma ukubwa wa kiberiti, kimesuguliwa kwa msasa laini hadi unajiona sura, kimeoshwa kwa petroli kisibaki na mafuta hata tone. Baada ya swala ya alasiri, mgeni alikibonyeza kwa kidole gumba, Babu akakifunikia bakuli juu ya meza na kuacha kilale. Asubuhi bakuli linafunuliwa. Wengine chuma chao kilikuwa cheupe vilevile. Wengine alama ya kidole ilikuwa imeota kutu, mistari yote ya ngozi imejichora kwa rangi ya hina. Aliyeotesha kutu alipelekwa kwenye kulehemu au kupiga tupa, na sanduku hakuligusa tena.

Idrisa, fundi msaidizi wa Babu, alipita jaribio hilo akiwa kijana na hakuacha kulitaja. Lakini yule ninayemkumbuka zaidi ni kijana mmoja mrefu aliyekuja mara baada ya Ramadhani. Chuma chake kiliamka na doa kubwa jekundu. Wengine walisikitika, mimi sikusikitika, kwa sababu nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, katikati ya mwezi mtukufu, jua la mchana, anakula sambusa nyuma ya duka la mshonaji. Mwalimu wetu wa chuoni, tulikosomea Kurani, alikuwa ametusimulia jinsi malaika wanavyomhoji mtu kaburini. Mambo yote yakakaa mahali pake. Chuma kinamhoji mtu, na mwenye dhambi kinamwandika.

Nikaanza kumsumbua Babu anilazie na mimi. Nilikuwa wa darasa la tatu au la nne, mwembamba, mwenye maswali mengi. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kufungua lile sanduku kwa mkono wangu, niishike palmeri, niisikie inalia tiki kwenye vidole vyangu mwenyewe. Kaka yangu alitaka baiskeli, na binamu zangu walitaka kwenda kwa shangazi, kule Rebero, ambako kulikuwa na televisheni kubwa. Mimi niliomba sanduku mpaka Babu akachoka. Alasiri moja akasugua kipande, akakiosha, akaniita. Nikaweka kidole gumba changu katikati kabisa, nikabonyeza kwa moyo wote.

Usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu, kwani sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimefunga siku zangu za Ramadhani kadiri mtoto anavyoweza, na chuoni nilikuwa wa mbele. Asubuhi watu wote wa karakana walisimama kuzunguka meza, Babu akafunua bakuli.

Kidole changu kilikuwa pale. Kidogo, chekundu, kila mstari wake unasomeka. Hata yule mla sambusa hakuacha alama iliyo wazi kama ile.

Idrisa akacheka, si kwa ubaya. "Sha, huyu mutoto iko na kutu ya kuzaliwa," alisema, na kuanzia hapo akaniita Kutu. Babu hakucheka. Alikigeuza kile kipande kwenye mwanga, akakitazama sana, akakiweka mfukoni mwake. Akaniambia nisome shule vizuri, kazi ziko nyingi duniani, kisha akarudi kwenye mashine. Mama alikuwa amewasha ya kwake tayari na ametupa mgongo. Sijawahi kusikia mashine ikinguruma kwa uchungu kama asubuhi ile, ingawa najua ilikuwa inanguruma kama kila siku.

Nililia mpaka macho yakavimba, halafu nikaanza kazi ya kutafuta dhambi yangu. Nilizipata kadhaa. Nilimrudishia kaka yangu gololi zake. Nikamwombea kheri mtoto mmoja wa darasani niliyekuwa nikimchukia kwa moyo safi kabisa. Nikaanza kuswali mpaka swala za ziada ambazo hata watu wazima wa nyumbani walikuwa wakizikimbia, na bibi wa jirani akamwambia Mama kwamba mtoto huyu amepata nuru. Nilipoona nimeshatakasika, nikamwomba Babu jaribio la pili. Akakubali kwa kuvuta pumzi. Ili nisiache nafasi yoyote, alasiri hiyo niliosha mkono kwa jivu, nikausugua kwa ndimu mbili nzima, nikaenda kubonyeza.

Mnaojua chuma mmeshaanza kucheka. Ndimu. Asubuhi yake ile alama haikuwa nyekundu tu, ilikuwa imekila chuma, unaweza kuipapasa ukaisikia. Babu alitikisa kichwa. "Kutu ni kutu," alisema. "Sanduku hapana." Kwa Babu maneno mawili yakishasemwa hivyo, hayarudishwi.

Mama alinikuta jioni nyuma ya tangi la maji, nimepiga magoti, nasugua kidole kwa ndimu nyingine mpaka ngozi imechubuka. Akasimama kunitazama.

"None se, sasa hiyo ndimu inafanya nini hapo?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kafuri, sanda, malaika, sambusa ya yule kijana mrefu, na dhambi yangu ambayo nimeitafuta nisiione. Nilitegemea atanicheka au atanigombeza. Mama alikaa chini pale pale kwenye matofali, akaichukua ile ndimu mkononi mwangu akaitupa mbali.

"Hakuna zambi hapo, mwana wangu," alisema. "Ni jasho. Kuna mutu jasho yake inapenda chuma, inakiuma. Umezaliwa nayo. Haitoki na ndimu, haitoki na swala."

Nikamwuliza kama ni ugonjwa. Alinishika mkono tukaingia karakana, ambako hapakuwa na mtu, kwani Babu na Idrisa walikuwa wamekwenda Nyabugogo kuchukua mzigo. Alitwaa kile kipande cha pili, chenye kidole changu kilichochimbika, akakisugua pembeni pakawa peupe, akapaosha kwa petroli. Kisha akavua ile glavu nyembamba ya pamba aliyokuwa akivaa kila siku, ambayo sisi sote tulidhani ni umaridadi wake tu, na akabonyeza kidole gumba chake karibu na changu. Tukakificha nyuma ya kopo la unga jikoni.

Kesho yake mchana tulikwenda kukitazama pamoja. Palikuwa na vidole viwili vyekundu, kikubwa na kidogo, vimekaa jirani.

Mama yangu, ambaye Kigali nzima ilileta vyuma vyake kwake, ambaye palmeri zake zilikuwa safi kuliko za Babu mwenyewe, alikuwa na mkono kama wangu. Akanisimulia kwa sauti ya chini. Alipokuwa msichana, baba yake alimlazia chuma kama anavyomlazia kila mtu. Lakini Mama alikuwa ameshajua jasho lake, kwa sababu sindano za kushonea zilikuwa zinaoza mikononi mwake. Basi kabla watu hawajaamka alinyemelea karakana, akafunua bakuli, akafuta ile alama ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kupiga wekundu, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akafunika. Asubuhi chuma kilikuwa cheupe, na Babu akampa ufunguo.

"Mpaka leo hajui," alisema. Kisha akaongeza, akinitazama usoni, kwamba mwenye mkono mkavu anaweza kuacha palmeri mezani akaenda kunywa chai. Yeye hajawahi kuiacha hata mara moja. Akiishika, anaifuta. Akiiweka, anaifuta. Aliniambia nifikirie nilichoambiwa, akavaa glavu yake na kuendelea na kazi.

Nilifikiri sana. Moyo wangu ulikuwa vipande viwili, kwa sababu upande mmoja nilijiona mtu wa ukoo maalumu, na upande mwingine niliona huo ni udanganyifu, na ingawa nilikuwa nimeambiwa chuma hakijui dhambi, sikuwa na hakika kamili. Lakini hamu ilishinda. Nikamwendea Babu kuomba jaribio la tatu. Alinitazama kwa muda mrefu juu ya miwani yake. Nilidhani atanifukuza. Akachukua kipande, akaanza kukisugua.

Alfajiri ile niliamka mwenyewe, bila kuamshwa. Adhana ya kwanza ilikuwa imetoka kusomwa na mwanga ulikuwa bado haujaamua kuja. Nilikuwa nimeficha chini ya godoro kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, umande unaniuma miguu, nikasukuma bati la karakana taratibu, nikapapasa mpaka mezani, nikafunua bakuli, nikafuta. Nilifuta kwa nguvu zangu zote, nikafuta tena, kisha nikapitisha mafuta. Nilipokuwa narudisha bakuli, kiti cha mbao kikalia nyuma yangu.

Babu alikuwa amekaa kwenye kona, kanzu yake ya kwendea msikitini imefungwa mpaka shingoni, tasbihi mkononi. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Nilingoja kofi, au neno lililo baya kuliko kofi.

"Umechelewa," Babu alisema. "Mama yako alikuja mbele ya adhana."

Aliinuka, akanipita, akalifunua bakuli na kukitazama kile chuma karibu na macho. Alikipeleka puani, nadhani alinusa mafuta. Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa kanzu, akaniwekea kiganjani, na kuniambia nianze na ile ndogo, nisiiangushe, na nikimaliza niifute. Akatoka kwenda kuswali. Nilibaki peke yangu na sanduku. Nililifungua kwa bismillahi kama alivyokuwa akifanya yeye, kafuri ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka, nikaifungua sanda ya palmeri ndogo kuliko zote. Nikang'oa unywele. Tiki, tiki, tiki. Ulikuwa santiemu nane. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na nimeshaolewa na nimeshazaa.

Nilipomweleza Mama, aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaangalia glavu yake. "Miaka yote hii," alisema. "Mzee alikuwa ananitazama." Siku hiyo nilimwona akifanya kazi bila glavu kwa mara ya kwanza, na kila akiiweka palmeri chini aliifuta mbele ya baba yake bila kujificha. Babu hakuwahi kulizungumzia jambo hilo tena, wala hakuiacha desturi ya kulaza chuma, wala hakumweleza Idrisa. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuelewa kwamba mkono mkavu alikuwa akiuona tu, asubuhi, kama watu wote, lakini alichokuwa akikingojea kwenye ile kona ni mkono utakaokuja gizani kufuta. Nimejiuliza ni alfajiri ngapi alikaa pale akimngoja mtu ambaye hakuja.

Leo nina karakana yangu, hapo hapo Nyakabanda, imesakafiwa kwa saruji na ina mwanga mzuri. Kazi yangu hasa si kukereza tena. Mafundi wa mji huu wananiletea vyombo vyao vya kupimia, mikromita zilizoanguka, zilizolika, zilizoanza kusema uongo, nami nazirudisha kwenye ukweli. Vijana wana zile za betri, namba zinawaka zenyewe kwenye kioo, na mimi ninazo, ni nzuri, sizidharau. Lakini kila chombo kikiingia mlangoni mwangu nakilinganisha kwanza na palmeri za Babu, kwa sababu hazijapoteza hata santiemu moja. Gereji hadi gereji wanaambiana, peleka kwa Kutu. Wageni wanadhani ni matusi. Mimi nimeliandika hilo jina mlangoni kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, na dirishani nimeweka kile kipande chenye vidole viwili, cha Mama na changu, ili anayetaka kuuliza aulize.

Babu alifariki mwaka jana, mzee sana, akiwa kitandani mwake, asubuhi ya baridi. Mama alikuwa amemshika mkono. Wanaume wa msikitini walikuja kumwosha, na Idrisa, ambaye ndevu zake sasa ni nyeupe zote, alikuwa miongoni mwao. Sisi wanawake tulikuwa ukumbini. Baada ya muda pazia likasogea, Idrisa akatoa kichwa, akasema maji ya mwisho yako tayari lakini kafuri ya msikiti imekwisha, na duka la karibu bado limefungwa. Watu wakaanza kuulizana nani ana pikipiki. Mimi nilikuwa nimeshainuka.

Nilivuka ua mpaka karakana. Nikalifungua sanduku, bismillahi, harufu ile ile ikanipokea. Nilikuwa nimenunua vipande vipya wiki mbili nyuma, bado vimekaa kwenye karatasi yake. Nikavichukua vyote. Nilipompa Idrisa pazia likiwa nusu wazi, aliinua mkono mpaka puani, na uso wake wote ukakunjamana.

"Hii ni ya palmeri," alisema.

"Ni ya kwake," nikamjibu.

Tulimzika baada ya adhuhuri. Nyumba ilijaa watu, nikapika, nikapokea pole, nikalala nimechoka hata viatu sikuvivua. Alfajiri, kabla ya adhana, nikashtuka. Sanduku lilikuwa limelala bila kafuri. Nilitoka kwa mlango wa jikoni na kitambaa mkononi, nikasukuma mlango wa karakana, na mezani nikaikuta taa imewashwa, Mama ameshatangulia, anafuta.